Relei moja haitoshi: kupanga udhibiti wa feni na dampa za moshi katika jengo la ghorofa 14

Swali: Mimi ni fundi umeme, Dar es Salaam. Tumepewa jengo la ofisi la ghorofa 14. Lina ngazi mbili zinazosukumiwa hewa, korido moja katikati yenye dakti (njia ya bati ya hewa) ya wima ya kuvutia moshi, na chini ya ardhi kuna maegesho ya magari. Mhandisi wa viyoyozi ameshachagua feni na dampa (mabawa yanayofungua na kufunga njia ya hewa), mimi nimeachiwa udhibiti. Nilipanga paneli ya kengele ya moto itoe relei moja (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kuwasha feni zote na kufungua dampa zote kwa mara moja. Wenzangu wanasema haitoshi. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu fundi, wenzako wamesema kweli. Ukifungua dampa zote 14 za dakti ile kwa pamoja, feni ya juu ya paa itavuta hewa kutoka kila ghorofa, na ghorofa inayoungua itaambulia sehemu ndogo tu ya mvuto. Halafu feni ikichelewa kuwaka, au ikizimika katikati, moshi wa ghorofa ya 6 utapanda ndani ya dakti na kutokea ghorofa ya 9, kwa sababu dampa ya huko uliifungua wewe. Katika mfumo wa aina hii inafunguka dampa ya ghorofa yenye moto peke yake. Zile 13 nyingine zinabaki zimefungwa, na lazima mfumo uwe na njia ya kujua kwamba kweli zimefungwa.

Kwa hiyo weka relei kando kwanza, chukua karatasi kubwa, chora jedwali. Upande wa kushoto andika kila mahali ambapo moto unaweza kuanzia: ghorofa 14, maegesho, chumba cha umeme, chumba cha mashine ya lifti, na ngazi zenyewe mbili. Juu andika kila kifaa kwa namba yake: dampa moja moja, feni moja moja, kila mashine ya kiyoyozi, kila dampa ya dakti ya kiyoyozi inayokatiza ukuta wa moto. Katika kila kisanduku andika hali unayoitaka: wazi, imefungwa, inazunguka, imesimama. Usiandike "relei namba 4", maana hilo linakuja baadaye. Kisha kwa kila kifaa ongeza majibu matatu: kinakaa vipi umeme ukikatika, kinakaa vipi waya wa amri ukikatika, na kinafanya nini umeme ukirudi. Usiache kisanduku kitupu. Ukikiacha, fundi wa programu atakijaza kwa kukisia, na hakuna atakayejua mpaka siku ya moto.

Mstari wa "moto ghorofa ya 6" utasomeka hivi: dampa ya moshi ya ghorofa ya 6 wazi, zile 13 zimefungwa, feni ya kuvuta moshi inazunguka baada ya dampa ya 6 kuthibitishwa, feni za ngazi zote mbili zinazunguka, mashine za kiyoyozi zimesimama na dampa zake zimefungwa, feni za maegesho zinabaki kama zilivyokuwa. Kiyoyozi usikipuuze. Tarehe 21 Novemba 1980 moto ulishika ghorofa ya chini ya hoteli ya MGM Grand, Las Vegas. Walikufa watu 85, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu ambako moto haukufika kabisa. Moshi uliwafuata kwa ngazi, kwa mashimo ya lifti na kwa njia za hewa.

Sasa, nani anaruhusiwa kuchagua mstari? Kitambuzi cha moshi kinacholia kwanza ndicho kinachochagua, na uchaguzi ule unafungwa hapohapo. Vitambuzi vya ghorofa nyingine vikilia baadaye, kengele ziendelee, lakini dampa zisihame. Moshi kidogo uliopenya ghorofa ya 7 dakika tano baadaye haupaswi kukufungulia dampa ya pili na kugawa mvuto. Kubadilisha hapo ni kazi ya ofisa wa zimamoto kwa mkono wake.

Vitufe vya kuvunja kioo usivipe ruhusa ya kuchagua ghorofa. Mtu anaona moshi ghorofa ya 6, anakimbia, anavunja kioo ghorofa ya 3; mfumo ungefungua dampa ya 3. Kitufe kiwashe kengele na feni za ngazi basi, kwa kuwa hizo zinatakiwa popote moto ulipo. NFPA 92, ile kanuni ya Marekani ya udhibiti wa moshi, inakataza waziwazi kitufe kuchagua ghorofa.

Kabla ya kuvuta waya hata mmoja, nenda stoo ukasome vibao vya dampa zilizonunuliwa. Kuna kosa linalojirudia: mnunuzi anaona neno "moto" na kuleta dampa za kawaida za moto kwa ajili ya dakti ya moshi. Dampa ya kawaida ya moto ina kiungo kinachoyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 74 za Selsiasi, springi inaifunga, na haifunguki tena mpaka mtu apande kuiweka upya. Inafaa kwenye dakti ya kiyoyozi inayopita ukutani. Ukiiweka kwenye dakti inayovuta moshi wa moto, itajifunga wakati uleule unapoihitaji wazi. Kwenye dakti ya moshi inatakiwa dampa ya kudhibiti moshi (kwa Ulaya, EN 12101-8), isiyo na kiungo cha joto, yenye mota inayoendesha kufungua na kuendesha kufunga, na inayobaki pale ilipo waya ukiungua. Wanaofuata kanuni za Marekani hutumia dampa ya springi yenye cheti cha UL 555S, na hapo lazima uchague springi iivutie upande gani umeme ukipotea. Vyovyote vile, kila dampa iwe na swichi mbili za kikomo: moja ya "wazi kabisa", moja ya "imefungwa kabisa". Swichi moja haitoshi. Ikikwambia "si wazi", hujui kama dampa imefungwa au imekwama nusu.

Mpangilio wa kuwasha ni huu. Amri inakwenda kwa dampa kwanza. Swichi ya kikomo ikisema "wazi", feni inaruhusiwa kuwaka. Ukiwasha feni dhidi ya dampa iliyofungwa, mvuto unabana mabawa kwenye fremu, mota ndogo ya dampa inashindwa kuyasogeza, na dakti ya bati jembamba inaweza kubonyea. Kuzima ni kinyume chake: feni kwanza, subiri gurudumu lipungue mwendo, ndipo dampa ifungwe.

Je, swichi ya kikomo isipotoa taarifa kabisa? Hapa pana hukumu ya kutoa, nayo iandikwe kwenye jedwali. Kwa feni ya ngazi, ushauri wangu ni kusubiri hadi sekunde 30, kisha kuwasha hata hivyo na kuonyesha hitilafu. Ni rahisi zaidi swichi ndogo kuharibika kuliko dampa kukwama, na ngazi isiyo na hewa ni hatari kubwa kuliko dakti iliyobonyea. Kwa feni ya kuvuta moshi weka swichi ya presha ya juu kwenye dakti iwe mlinzi, halafu ruhusu vilevile. Muda wote uingie ndani ya mipaka ya NFPA 92: feni ifikie hali yake ndani ya sekunde 60, dampa zimalize mwendo ndani ya sekunde 75. Maana yake dampa unazozingojea kabla ya feni zisiwe za kuchukua dakika nzima. Chagua mota za dampa za sekunde 15 au karibu na hapo, upate nafasi.

Kuhusu uthibitisho wa feni, usikubali mguso wa kontakta (swichi ya umeme inayolisha mota). Kontakta ikivuta, unajua kontakta imevuta, basi. Mkanda unaweza kuwa umekatika, mota inazunguka peke yake, na taa ya kijani inawaka. Relei ya mkondo ni bora, ila lazima uipange juu ya mkondo wa mota isiyo na mzigo, maana mota iliyokatikiwa mkanda bado inakula umeme. Swichi ya tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma ya feni nayo ina udanganyifu wake: feni ikizunguka dhidi ya dampa iliyofungwa, tofauti ya presha bado ipo, swichi inaridhika, hewa hakuna. Ninachopendelea ni swichi ya mtiririko wa hewa ndani ya dakti, ikisomwa pamoja na swichi za dampa. Zikikubaliana zote, ndipo taa ya kijani iwake. Na kama feni ni za mikanda, kanuni ya ujenzi ya Marekani inadai idadi ya mikanda iwe mara moja na nusu ya inayohitajika, na isipungue miwili. Ni tahadhari ya bei ndogo, ifuate hata kama mkataba hausemi.

Ngazi sasa, na hapa ndipo udhibiti unapokuwa kazi ya kweli. Lazima presha ya ngazi iuzidi moshi, lakini isizidi nguvu za mtu anayesukuma mlango kuingia. Kwa EN 12101-6 ya mwaka 2005 (toleo lililobadilishwa mwaka 2022) ilikuwa paskali 50 milango ikiwa imefungwa, na nguvu ya kufungua mlango isipite nyutoni 100. NFPA 92 inataka angalau paskali 12.5 kwenye jengo lenye vinyunyizio vya maji, na mlango usipite nyutoni 133. Chukua mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 ambao kifungio chake cha juu kinahitaji nyutoni 40. Kwa paskali 50 hewa inaongeza kama nyutoni 51, jumla 91: unafunguka. Kwa paskali 60 jumla ni kama 101: umeshavuka. Yaani kwa kanuni hiyo ya Ulaya una uwanja wa paskali 50 hadi 58 tu. Kwa kanuni ya Marekani, mlango huohuo una uwanja wa 12.5 hadi karibu 90. Kwa hiyo muulize mhandisi wako leo: tunafuata ipi? Jibu lake ndilo litakalokwambia kama unahitaji udhibiti wa kubana au wa kawaida. Na asichanganye, presha ya huku na mlango wa kule.

Tazama kiasi cha hewa. Mlango mmoja uliofungwa, unaofungukia ndani ya ngazi, huvujisha kama tundu la mita za mraba 0.01. Milango 14 ni 0.14. Kwa paskali 50 zinavuja takriban mita za ujazo 0.82 kwa sekunde. Mlango mmoja ukifunguliwa, na ukitaka hewa ipite pale kwa mita 0.75 kwa sekunde, unahitaji nyingine 1.42. Tuseme feni imechaguliwa ya 2.2. (Kama mlango wa kutokea nje umehesabiwa wazi pia, kiasi kinapanda sana, uliza.) Milango yote ikijifunga na feni ikaendelea kusukuma 2.2 hiyohiyo, presha ingekimbilia paskali 350 na zaidi, na mlango ungehitaji nyutoni kama 400. Feni halisi isingefika huko, mkunjo wake (hewa yake hupungua presha ikipanda) ungeizuia njiani, lakini ingefika mahali ambapo mama mjamzito au mzee hawezi kufungua. Hewa ya ziada lazima ipate pa kwenda.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kidhibiti kasi cha mota kinachosoma sensa ya presha. Ya pili ni dampa ya kupunguza presha yenye uzito, isiyo na umeme wowote, inayofunguka yenyewe kwenye paskali 55 hivi. Kwa jengo lako ningechagua ya pili, nikaongeza ya kwanza pale tu mhandisi anapodai. Sababu yangu ni matunzo. Uzito na bawaba fundi yeyote anavikagua kwa macho. Sensa iliyozibwa na rangi ya ukuta haionekani. Kwa mfano wetu, ziada ya kama 1.4 kwa paskali 55 inahitaji uwazi halisi wa mita za mraba 0.23, fremu na mabawa vinakula nafasi, kwa hiyo dampa ya milimita 600 kwa 600 si kubwa mno. Usiielekeze upande wa Kusi wala wa Kaskazi. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unagonga ukuta kwa paskali 60 hivi, sawa na presha yako yote ya ngazi, na dampa haitafunguka.

Ukilazimika kutumia kidhibiti kasi, fungua mipangilio yake uangalie muda wa kupanda na kushuka. Vingi vinatoka kiwandani na sekunde 20 au 30, wakati EN ya 2005 ilitaka mfumo urudi kwenye asilimia 90 ndani ya sekunde 3 baada ya mlango kufunguka au kufungwa. Feni nzito haishuki kwa sekunde 3 bila breki, ndiyo maana dampa ya uzito inabaki kuwa na kazi hata hapo. Sensa ipime kati ya ngazi na korido, si kati ya ngazi na paa ambako upepo utaidanganya. Waya wa kuwasha hali ya moto uingie moja kwa moja kwenye kidhibiti, usitegemee mtandao wa kompyuta ya jengo. Kitufe cha kuendesha kwa mkono kwenye uso wake kifungwe kwa nywila.

Kwa ghorofa 14, hewa isiingizwe kwa tundu moja la juu. Kanuni ileile ya 2005 ilitaka matundu yasiyopishana zaidi ya ghorofa tatu, kwa hiyo yapate matano. Mdomo wa feni unaovuta hewa ya nje uwe na kitambuzi cha moshi cha kuisimamisha, la sivyo feni itasukuma moshi wa paa ndani ya ngazi. Kuhusu tofauti ya joto, pwani tuna nafuu: nje nyuzi 32, ndani 24, jengo la mita 50 linakupa kama paskali 8 tu kutoka katikati hadi mwisho, na hewa inaelekea kushuka badala ya kupanda. Mwenzako wa Nairobi ana shida nyingine: hewa ya kule ni nyepesi kwa karibu asilimia 20, na feni yenye namba za usawa wa bahari itatoa presha pungufu kwa kiwango hichohicho.

Umeme. Tanesco ikikatika katikati ya moto, jenereta linachukua sekunde kadhaa na swichi ya kuhamisha inageuka. Katika nafasi hiyo feni zinapungua mwendo na dampa zote za springi zinarudi kwenye hali yake ya kupumzika. Umeme ukirudi, mpangilio uanze upya kutoka dampa, usianzie feni. Paneli ikumbuke mstari ulikuwa upi. Ikisahau, itasubiri kitambuzi kilie mara ya pili. Feni ziwashwe kwa kupishana sekunde 5, kubwa kwanza, maana mota inayoanza moja kwa moja huvuta mara sita au saba ya mkondo wake. Umeme wa kuendesha dampa utoke kwenye bodi ileile ya dharura inayolisha feni. Kebo zote za feni, dampa na amri ziwe za kustahimili moto, na vishikio vyake viwe vya chuma. Cha plastiki kinayeyuka, kebo nzuri inaanguka.

Paneli ya zimamoto iwe ghorofa ya chini karibu na mlango mkuu. Kila feni na kila dampa iwe na swichi ya nafasi tatu, ya katikati ikiwa otomatiki. Kwa mtindo wa Marekani taa nyeupe ni hali ya kawaida, kijani inawaka au iko wazi, nyekundu imezimwa au imefungwa, njano ni hitilafu. Maandishi yawe ya Kiswahili, WASHA, OTOMATIKI, ZIMA. FUNGUA, OTOMATIKI, FUNGA, na mchoro wa jengo nyuma yake. Amri ya paneli hii inashinda amri zote, pamoja na vitambuzi vya kwenye dakti na kompyuta ya jengo. Haishindi ovalodi ya mota (kinga dhidi ya mkondo kupita kiasi), swichi ya kukatia umeme, wala swichi ya presha ya juu. Swichi ya mkono kwenye bodi ya mota ndiyo adui wa kimya: fundi anaigeuza "zima" Jumatatu kubadili mkanda, anasahau. Nafasi yake isomwe na paneli, ikitoka kwenye otomatiki taa ya njano iwake.

Maegesho ni mepesi kwa kulinganisha. Mwongozo wa Uingereza unataka hewa ibadilishwe mara 6 kwa saa siku za kawaida na mara 10 wakati wa moto, kwa feni mbili zenye nusu ya uwezo kila moja, kila moja na laini yake ya umeme, zinazostahimili nyuzi 300 kwa saa moja. Eneo la mita za mraba 1,800 lenye kimo cha mita 3 linahitaji mita za ujazo 15 kwa sekunde, yaani 7.5 kwa kila feni. Kitambuzi cha gesi ya magari kisiweze kuzipunguza mwendo moto ukiwapo.

Siku ya majaribio chukua jedwali lako na upite mstari kwa mstari kwa moshi wa majaribio kwenye kitambuzi halisi, si kwa kubonyeza kompyuta. Mmoja awe na saa, mmoja na kipima presha kila ghorofa, mmoja na mizani ya kuvutia mlango. Kisha haribu kwa makusudi: toa mkanda, zuia bawa la dampa kwa kipande cha mbao, chomoa waya wa swichi ya kikomo, kata umeme mkuu feni zikiwa zinazunguka. Kila uharibifu ulete njano sahihi kwenye swichi sahihi. Ukichomoa waya wa dampa ya 6 ikawaka taa ya dampa ya 9, umeokoa watu siku hiyo.

Mwisho, andika kwenye programu jaribio la kila wiki, Jumapili alfajiri kwa mfano: kila dampa ifunguke na kufungwa, kila feni izunguke dakika chache, na matokeo yahifadhiwe kwa tarehe. Karibu na bahari chumvi inashika bawaba za bati la zinki haraka, na dampa isiyosogea miezi sita huenda isisogee tena. Mwenye jengo akilalamikia kelele za feni, mhamishie saa ya jaribio, lakini jaribio usilifute.